Akili mnemba wodini: jinsi muuguzi wa zamu anavyoweza kuitumia

Akili mnemba inaingia wodini kwa njia tatu. Kuna programu zilizofungwa ndani ya mfumo wa hospitali, ambazo husoma vipimo unavyoingiza na kupiga kengele zikiona mgonjwa anaelekea kubaya. Kuna zinazosoma picha, hasa eksirei ya kifua. Na kuna zile za kuuliza na kujibiwa ambazo wauguzi wanazo kwenye simu zao, hospitali iwe imeziruhusu au la. Hizi za mwisho mara nyingi hazina mwongozo wowote uliobandikwa ukutani, ndiyo maana zimechukua nafasi kubwa hapa chini.

Kwa zote tatu, anza hivi: fanya hesabu yako na uwe na wazo lako kabla ya kusoma la mashine. Ukianza na jibu lake, macho yako yatatafuta ya kuliunga mkono. Ukianza na lako, majibu mawili yakipishana unajua papo hapo kwamba kuna kitu cha kuchunguza.

Namba unazoipa

Mashine haimwoni mgonjwa. Haioni jasho kwenye paji la uso wala haisikii anavyokoroma. Inaona namba ulizoandika, na namba mbovu kuliko zote kwenye chati za wodi ni ya kupumua. Fungua mafaili ya zamu iliyopita uone: 20, 20, 18, 20, kana kwamba wodi nzima inapumua kwa pamoja.

Hasara yake ionekane kwa NEWS2, alama zinazojumlishwa kutokana na vipimo vya mgonjwa ili kuonya mapema hali yake ikizorota, zilizotolewa na Royal College of Physicians ya Uingereza mwaka 2017. NEWS2 yenyewe si akili mnemba, ni kujumlisha tu. Lakini programu zinazotabiri hali ya mgonjwa hutegemea vipimo hivi hivi, kwa hiyo kosa linalopotosha NEWS2 linaweza kuzipotosha na zenyewe. Katika NEWS2, kupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika ni alama 0, mara 21 hadi 24 ni alama 2, mara 25 na kuendelea ni alama 3.

Chukua mama wa miaka 58 mwenye nimonia. Oksijeni 95 akiwa hajawekewa mashine: alama 1. Mapigo 108: alama 1. Presha ya juu 104: alama 1. Joto 38.4: alama 1. Yuko macho na anajielewa: 0. Ukiandika kwa mazoea kwamba anapumua mara 20, jumla ni 4, na mfumo utakwambia umpime tena baada ya saa 4 hadi 6. Ukihesabu kweli ukapata 26, jumla ni 7: daktari aitwe sasa hivi na mgonjwa asiachwe bila uangalizi wa mfululizo. Mama ni yule yule, kitanda ni kile kile. Kilichobadilika ni kwamba mtu alitazama kifua chake.

Hesabu hivi: shika kifundo cha mkono kama unayepima mapigo ili mgonjwa asijue unahesabu pumzi, kwa sababu akijua atabadilisha. Tumia saa yenye mshale wa sekunde, dakika 1 nzima. Ukihesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa 4, pumzi moja uliyoikosa inakuwa nne.

Kipimo cha oksijeni cha kidoleni kina matatizo yake. Futa rangi ya kucha. Pwani, bibi harusi na mama aliyetoka kupambwa watakuja na piko jeusi hadi ncha za vidole, nalo huzuia mwanga wa kifaa, kwa hiyo tafuta kidole kisichopakwa. Mkono ukiwa wa baridi, upashe joto kwanza. Usisome namba mpaka mawimbi ya mapigo yatulie. Halafu kuna jambo ambalo halifutiki kwa pamba wala spiriti: utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 uliangalia wagonjwa ambao kifaa kiliwasomea kati ya 92 na 96. Damu ya ateri ilipopimwa, waliokuwa chini ya 88 walikuwa asilimia 11.7 kwa wagonjwa weusi na asilimia 3.6 kwa weupe. Programu inayoletewa 94 itaiamini. Wewe ukiona 94 huku mgonjwa anatanua pua na kuvuta mbavu ndani, amini pua na mbavu.

Mambo mawili ya kuangalia kabla ya kuiachia mashine ijumlishe. NEWS2 si ya wajawazito wala watoto chini ya miaka 16. Kama mfumo unawapa alama hizo, alama hizo hazina maana. Na mgonjwa wa mapafu ya muda mrefu anayelimbikiza kaboni dioksidi ana kipimo chake tofauti cha kupewa alama za oksijeni, lengo likiwa 88 hadi 92. Lazima daktari aamue na mtu akichague kwenye mfumo, la sivyo kengele italia usiku kucha kwa mtu ambaye yuko alipotakiwa kuwa.

Na saa. Ukiandika kwamba dawa imetolewa "saa 2 usiku" na programu ikaichukua kuwa 02:00, dozi ya kila baada ya saa 6 itapangwa upya kwa tofauti ya saa 6 kamili, yaani mgonjwa ataruka dozi nzima. Kila kinachoingia kwenye mashine kiandikwe kwa saa 24: 20:00. Mdomoni endeleeni na saa mbili yenu.

Kengele inapolia, na isipolia

Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walichapisha matokeo ya kuichunguza programu ya kampuni ya Epic ya kutabiri sepsisi (maambukizi yanapofanya viungo vya mwili vianze kushindwa kazi), iliyokuwa imeenea katika hospitali za Marekani. Kati ya kulazwa 38,455, ilipiga kengele kwa asilimia 18. Hata hivyo, asilimia 67 ya waliopata sepsisi iliwapita bila kuwaona. Soma namba hizo mbili kwa pamoja: kelele nyingi, na theluthi mbili ya wagonjwa waliohitaji kengele hawakuipata.

Kwa muuguzi maana yake ni mbili. Kwanza, kengele ni sababu ya kwenda kitandani, haitoshi kuwa sababu ya kuanzisha matibabu. Nenda, pima vyote upya kwa mkono wako, tazama ngozi, mkojo na akili yake, muulize mgonjwa na ndugu aliyekaa naye. Kengele iliyozimwa kutoka kwenye meza ya wauguzi bila mtu kusimama ihesabiwe haijashughulikiwa.

Pili, ukimya wa mashine si kibali. Mama anayelea mgonjwa akikwambia "sista, leo simwelewi mwanangu", au wewe mwenyewe ukaona hayuko sawa ingawa namba zote ni nzuri, hiyo ni sababu tosha ya kumwita daktari. Usisubiri alama ipande ndipo upate ruhusa ya kuwa na wasiwasi.

Unapompigia daktari, usiseme "kompyuta inasema". Daktari akisikia hivyo anauliza kompyuta gani, na dakika mbili zimepotea. Sema ulichokiona: "Daktari, kitanda 7 wodi ya wanawake, mama wa miaka 58, siku ya pili ya nimonia. Anapumua 26, nimehesabu dakika nzima. Oksijeni 95 bila mashine, presha ya juu 104, asubuhi ilikuwa 128. Naomba uje umwone sasa, na nimeshaandaa mstari wa dripu." Alama ya mashine, kama ipo, iwe ya mwisho.

Kuuliza programu kuhusu dozi

Hapa ndipo makosa ya hatari zaidi yanapotokea, na mengi hayatokani na hesabu. Programu hizi hujumlisha na kugawanya vizuri kiasi cha kutosha. Zinachokosa ni kujua chupa iliyo mkononi mwako. Sehemu kubwa ya maandishi ziliyofundishiwa yanatoka Marekani na Ulaya, na usipozipa habari zitajaza pengo kwa dawa za huko.

Mfano wa kila siku: mtoto wa kilo 12, paracetamol, miligramu 15 kwa kila kilo. Dozi ni miligramu 180. Sirapu ya kwetu kwa kawaida ina miligramu 120 katika mililita 5, kwa hiyo 180 ÷ 120 × 5 = mililita 7.5. Sirapu ya watoto ya Marekani ina miligramu 160 katika mililita 5. Programu ikidhani una hiyo, itakwambia mililita 5.6, na mtoto atapata miligramu 135 tu, homa isishuke, mama aambiwe dawa imegoma. Kinyume chake ndicho kibaya. Kuna chupa za matone zenye miligramu 100 katika mililita 1. Mama aliyeambiwa "mililita 7 na nusu" akienda kuzichota kutoka chupa hiyo, mtoto anakunywa miligramu 750, zaidi ya mara nne ya dozi. Ndiyo maana dozi huulizwa na kutolewa kwa miligramu, na mililita huhesabiwa chupa ikiwa mbele yako.

Dripu nayo. Lita 1 kwa saa 8 kwa seti ya matone 20 kwa mililita: 1000 × 20 ÷ 480 = matone 42 kwa dakika. Marekani seti za matone 10 na 15 ni za kawaida. Programu ikitumia 15 bila kukuuliza, itasema matone 31, na lita yako itachukua zaidi ya saa 10 na nusu. Idadi ya matone imeandikwa kwenye mfuko wa seti. Isome kabla hujautupa.

Vipimo vya sukari ni mtego mwingine. Mashine zetu nyingi zinasoma kwa mmol/L, za Marekani kwa mg/dL, na moja ya kwanza ni 18 za pili. Ukiandika "mgonjwa wa kisukari, sukari 15, nifanye nini" bila kipimo, kwa mmol/L huyo ana sukari ya juu, sawa na 270. Kwa mg/dL huyo yuko mbioni kufa kwa sukari kushuka na anahitaji glukosi ya mshipa sasa hivi. Majibu mawili yanayopingana kabisa, na kosa ni herufi chache ulizoziruka. Majina pia: albuterol ni salbutamol, acetaminophen ni paracetamol, epinephrine ni adrenalini.

Kubwa kuliko yote ni kuchanganya taratibu mbili zilizo sahihi. Magnesium sulphate kwa kifafa cha mimba inaonyesha vizuri. Utaratibu wa Pritchard, unaofaa pasipo na pampu ya dripu, ni gramu 4 kwenye mshipa na gramu 10 kwenye misuli, 5 kila tako, kisha gramu 5 kila baada ya saa 4, mpaka saa 24 zipite tangu kujifungua au tangu degedege ya mwisho. Utaratibu wa Zuspan ni gramu 4 kwenye mshipa, kisha dripu ya gramu 1 kila saa, bila ya misuli. Kila mmoja uko salama ukiufuata mwanzo mpaka mwisho. Uliza programu kwa haraka, upate dozi ya kuanzia ya Pritchard na dozi ya kuendelea ya Zuspan, na mama aliyepokea gramu 14 anaanza kupewa nyingine kila saa huku figo zake zinatoa mkojo kidogo. Anaacha kupumua.

Kwa hiyo utaratibu wa wodi ndio unaotawala, na karatasi yake ibandikwe chumba cha kujifungulia. Dawa ya asilimia 50 ina gramu 5 katika mililita 10. Gramu 4 ni mililita 8, ongeza mililita 12 za maji ya sindano upate 20 za asilimia 20, ingiza polepole. Kabla ya kila dozi inayofuata angalia vitu vitatu: anapumua mara 16 au zaidi, goti likigongwa linaruka, mkojo umefika angalau mililita 30 kwa saa katika saa 4 zilizopita. Kimoja kikikosekana, dozi haitolewi. Calcium gluconate gramu 1, yaani mililita 10 za asilimia 10, iwe kwenye trei tayari. Programu inaweza kukukumbusha haya, lakini haiwezi kugonga goti.

Ukiamua kuuliza, uliza namna hii, na hospitali iwe imeruhusu:

1. Andika hesabu yako kwenye karatasi kwanza, pamoja na jibu.
2. Ipe uzito kwa kilo, umri, jina la dawa, na nguvu ya dawa kama ilivyo kwenye chupa ("miligramu 120 katika mililita 5").
3. Kila namba iwe na kipimo chake. Kila joto liwe na C.
4. Taja nchi na mwongozo unaofuata, na uiambie isibuni: "Kama kuna habari inayokosekana, niulize kabla ya kujibu."
5. Itake ionyeshe hesabu hatua kwa hatua. Jibu tupu lisilo na njia usilitumie.
6. Majibu yenu yakipishana, usichague lako wala lake. Fungua mwongozo wa taifa au mwulize mfamasia. Majibu yakilingana, kwa dawa za hatari bado muuguzi wa pili anahesabu peke yake bila kuonyeshwa lako.

Usiulize "dozi hii ni sahihi?" Programu za mazungumzo zimezoea kukubaliana na anayeuliza, na ukiibana kidogo itabadilisha hata jibu lililokuwa sahihi. Uliza "hesabu dozi" bila kuipa lako.

Eksirei ya kifua na TB

Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2021 kutumia programu za kusoma eksirei katika kutafuta TB kwa watu wa miaka 15 na zaidi. Programu hutoa alama, na kituo huweka kiwango: aliyekivuka anatoa makohozi yapimwe kwa mashine ya kutambua vinasaba vya TB. Alama si ugonjwa. Hakuna anayeanzishwa dawa kwa sababu ya alama peke yake kana kwamba ni majibu ya maabara.

Muuguzi wa kliniki ndiye anayeijaza historia, na hapo ndipo msaada wake mkubwa ulipo. Aliyewahi kutibiwa TB ana makovu yanayoweza kupandisha alama. Mwenye VVU anaweza kuwa na TB huku eksirei yake inaonekana safi, kwa hiyo alama ya chini kwa mtu anayekohoa, anayetoka jasho usiku na kupungua uzito haimrudishi nyumbani. Anatoa makohozi. TB ya tezi au ya uti wa mgongo haimo kabisa katika kazi ya programu hiyo. Na kampuni ikileta toleo jipya, muulize aliyeweka kiwango kama amekipima upya, kwa kuwa alama 60 ya toleo la zamani inaweza isiwe alama 60 ya jipya.

Kuandika ripoti kwa msaada wa programu

Programu za kusikiliza na kuandika zinapunguza uchovu wa makaratasi kweli, na wauguzi wanaozipenda wana sababu. Tatizo ni kwamba zinaweza kuandika kisichosemwa. Utafiti wa mwaka 2024 juu ya Whisper, programu ya kugeuza sauti kuwa maandishi, ulikuta takriban asilimia 1 ya vipande vya sauti vimeongezewa maneno au sentensi nzima ambazo hakuna aliyezitamka, na ilitokea zaidi palipokuwa na ukimya mrefu. Mgonjwa wa kiharusi anayetafuta neno, au mama anayenyamaza kwa uchungu, ndio wenye ukimya huo.

Kiswahili kilichochanganywa na Kiingereza na lugha ya nyumbani, mtoto analia pembeni, feni inazunguka: matokeo yake ni ya kusomwa mstari kwa mstari. Angalia kwanza dawa, dozi, upande wa mwili (kulia au kushoto), na maneno ya kukanusha. "Hana mzio wa penisilini" ikipoteza herufi moja inakuwa "ana". Maneno ya mgonjwa kama kichomi au chango yaandikwe kama alivyoyasema, ndani ya alama za kunukuu. Usiikubalie programu iyageuze kuwa ugonjwa ambao hakuna aliyeupima.

Ripoti ya kukabidhiana zamu iliyofupishwa na programu isomwe kitandani, mgonjwa mbele yenu, si kwenye meza. Muhtasari huwa unaacha kile kilichotajwa mara moja tu, na mara nyingi ndicho hicho ulichotakiwa kukijua.

Siri ya mgonjwa

Taarifa za afya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019. Ukibandika faili la mgonjwa kwenye programu ya simu yako, umelitoa hospitalini na hulirudishi. Ondoa jina, namba ya faili, simu, namba ya bima, kijiji, tarehe ya kuzaliwa. "Mwanamke, miaka 34, siku ya pili baada ya upasuaji" inatosha kwa swali lolote la kiuguzi.

Kufuta jina hakutoshi kila mara. "Mwalimu mkuu wa shule ya kijiji aliyeng'atwa na mamba wiki hii" anajulikana na wilaya nzima. Picha za vidonda zikatwe uso, chale na bangili ya jina, na zipigwe kwa kifaa cha hospitali. Kama jambo haliwezi kuulizwa bila kumfichua mgonjwa, mwulize binadamu aliye kazini.

Hospitali inapoleta programu mpya

Muuguzi anayo haki ya kuuliza kabla ya kufundishwa kubonyeza. Maswali yenye faida ni machache. Inatabiri nini hasa? Mwaka 2019 ilibainika Marekani kwamba programu moja iliyotumika kuchagua wagonjwa wa kusaidiwa zaidi ilipima ugonjwa kwa gharama za matibabu. Wagonjwa weusi walikuwa wametumiwa fedha kidogo, hivyo ikawaona wazima kuliko weupe waliokuwa wagonjwa sawa na wao. Ilijaribiwa kwa wagonjwa kama wetu? Kengele ngapi kwa zamu, na nani anazijibu saa 9 za usiku wakati muuguzi ni mmoja kwa wodi nzima? Nikikataa ushauri wake, naandika wapi? Ikikosea, nani anawajibika?

Zinapofanya vizuri huwa kuna watu nyuma yake. Mwaka 2025 yalitolewa matokeo ya programu ya ushauri iliyotumika katika kliniki 15 za Penda Health jijini Nairobi, katika ziara 39,849 za wagonjwa. Ilikaa nyuma ya mfumo na kuwasha kijani, njano au nyekundu baada ya mhudumu kuandika alichokikuta au alichoamua. Makosa ya utambuzi yalipungua kwa asilimia 16 na ya matibabu kwa asilimia 13, ingawa tofauti ya wazi katika kupona kwa wagonjwa haikuonekana. Angalia mpangilio: mhudumu anaandika kwanza, mashine inasema baadaye. Na hata hivyo ilibidi wahudumu wafundishwe na kufuatiliwa na wenzao kliniki kwa kliniki, kwa maana kuwasha taa tu hakukutosha.

Mkuu wa wodi ana kazi nyingine juu ya hiyo: kulinda ujuzi usife. Polandi, utafiti wa mwaka 2025 uliwaangalia madaktari waliozoea akili mnemba katika kupima utumbo mpana kwa kamera. Walipofanya kazi bila hiyo, kiwango chao cha kugundua vivimbe vya hatari kilikuwa kimeshuka kutoka asilimia 28.4 kabla ya kuizoea hadi 22.4. Hawa ni wazoefu. Wanafunzi wanaoanza kazi na mashine mkononi hawatakuwa na cha kupoteza, kwa sababu hawatakuwa wamekipata. Weka zamu moja kila wiki ambayo matone, dozi na alama vinahesabiwa kwa kalamu, na mwanafunzi aeleze kwa sauti alivyofika kwenye jibu.

Ukikataa ushauri wa programu, andika mistari miwili: ilisema nini, ulikuta nini kitandani, umemjulisha nani, saa ngapi. Ukiukubali, andika vipimo ulivyochukua mwenyewe na hatua uliyochukua. Usiandike "kwa mujibu wa mfumo", maana leseni iliyo hatarini ni yako.

Chati ya karatasi ibaki kitandani hata mfumo ukifanya kazi vizuri. Umeme ukikatika, unaendelea kujaza karatasi. Ukirudi, ingiza kila kipimo kwa saa kilipochukuliwa, si saa unapokiingiza. Ukiingiza vya usiku mzima vyote kwa saa 06:10, programu itaona mgonjwa ambaye presha yake imeshuka na kupanda mara tano ndani ya dakika moja, na kengele itakayolia itakuwa ya uongo, au ile ya kweli itafunikwa humo.